Mbwa Wawili na Kigae cha Moto

Nyie vijana mnaonitumia picha za mbwa kwenye simu, leo nawajibu wote kwa mpigo. Kila wiki hazikosekani mbili tatu: mtoto wa mbwa kakalishwa kwenye boksi la sabuni, masikio yamelala, na chini yake swali ni lile lile, "Shikamoo mama, nichukue jemani au nichukue rotwaila?" Marahaba. Mimi nimestaafu, miwani yangu imechoka, na picha ya boksi hainiambii kitu. Nitumieni picha ya njia inayoingia kwenu. Mkimaliza kucheka, endeleeni kusoma.

Nimekuwa bwana mifugo miaka thelathini na ushei. Ndiyo, bwana mifugo, na mimi ni mwanamke na nimezaa wanne. Nilipopangiwa kazi huku Ufipa, nikifika kijijini na pikipiki ya ofisi watu walikuwa wanachungulia nyuma yangu kumtafuta bwana mifugo mwenyewe. Baadaye walichoka kumtafuta, wakaanza kuniamkia mimi, "Shikamoo bwana mifugo," nami nikachoka kuwasahihisha. Mpaka leo hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, nikienda dukani kuna wazee wanaoniita hivyo, na wajukuu zangu wanaona aibu kwa niaba yangu.

Kazi kubwa ilikuwa ng'ombe na nguruwe. Mbwa tulikutana nao hasa siku ya chanjo ya kichaa, na siku hiyo ilikuwa sherehe. Tulipanga kituo kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa, watu wanatoka na mbwa wao wamefungwa kwa kamba za katani, kwa vipande vya waya, mmoja alimleta wa kwake kwa tai ya marehemu baba yake. Kila mbwa lazima aandikwe jina kwenye kadi, na hapo ndipo nilipozijua siri za vijiji vyote. Mbwa wa Mfipa haitwi jina la hivi hivi. Anaitwa ujumbe. Nimechanja Wivu wa Nini, nimechanja Wanafiki, nimechanja Semeni Tena. Mama mmoja alimwita mbwa wake Hakuna Undugu, na nyumba ya pili, kwa wifi yake, nikamkuta mbwa anaitwa Tumekuzoea. Wote wawili niliwaandika bila kucheka. Kucheka nilicheka njiani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Desderi, bwana mifugo wa zamani, mtu wa Kalambo, mpole na mbishi. Siku yangu ya kwanza ya kuchanja mbwa, mbwa aliruka, mimi nikaruka, sindano ikaingia kwenye kidole gumba changu. Desderi alinitazama, akatazama kidole, akasema, "Basi mmoja ameshachanjwa, leta wa pili." Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Tukifika kwa mtu, hata kama ng'ombe anakoroma kwa maumivu, yeye kwanza alisimama pale njia inapoingilia uani, akainama kutazama chini. Mimi na sanduku la dawa nasubiri. Nilidhani ni uzee, au anatafuta visingizio vya kupumzika. Nilipomuuliza alinijibu, "Natazama nyayo. Kabla hujamjua mnyama, wajue wanaofika kwake." Nikaitikia kwa heshima na nikalisahau neno hilo kabla hatujafika kwenye zizi. Ningelishika, nisingekuwa na habari hii ya kuwasimulia.

Habari yenyewe ni ya Bibi Apolonia. Alikuwa mjane, anakaa kijiji kimoja upande wa Kaengesa, analima mahindi na ulezi, na anapika pombe ya ulezi ambayo watu waliifuata kutoka vijiji vya jirani. Watoto wake walishaondoka. Kasiano, yule mkubwa, yuko Mbeya, anafanya kazi kwenye karakana ya magari. Mwaka ule wezi walimvunjia mama yake zizi usiku, wakaondoka na maksai wake wawili waliokuwa wanalima. Mjane bila maksai kwetu huku ni kama fundi asiye na msumeno. Kasiano alinipigia simu anakaribia kulia.

"Mama, bosi wangu ana majike mawili yamezaa mwezi mmoja. Moja jemani, moja rotwaila. Amesema atanipa mtoto wa mbwa nimpelekee mama. Mimi mbwa siwajui. Nichukue yupi?"

Wakati huo huo Mzee Salimu, mwenye malori hapa mjini, alikuwa ameniomba nimtafutie mbwa wa kulinda yadi yake. Mzee Salimu ni Mwislamu mwenye msimamo. Mbwa nyumbani kwake haingii wala hagusi chombo, lakini wa kulinda mali, nje, yadi ni mbali na nyumba, hilo alisema halina tatizo, na mlinzi wake ndiye angemlisha. Nikamwambia Kasiano aombe wote wawili. Wakaja Sumbawanga ndani ya boksi moja, kwenye lori la Mzee Salimu mwenyewe, na dereva akalalamika wamelia tangu Tunduma.

Basi ikawa juu yangu kuamua nani aende wapi. Nikakaa nao siku mbili nyuma ya ofisi nikiwapima. Haya mambo yashikeni, yana faida. Mtoto wa mbwa akipita miezi miwili ndipo aachane na mama yake, si kabla. Mlaze chali mkononi, uone anapigana mpaka mwisho au anatulia akijua hana madhara. Angusha kitu chenye kelele karibu yake. Niliangusha rundo la funguo: jemani aliruka, akakimbilia nyuma ya ndoo, kisha akarudi polepole kuzinusa funguo na kunilamba kidole. Rotwaila hakusogea. Aligeuza kichwa tu akanitazama mimi niliyeziangusha.

Nilimpenda pale pale. Nikajiambia: Mzee Salimu ana ukuta, ana mlinzi, ana taa, huyu mwoga wa funguo atamtosha. Apolonia hana mume, hana maksai, hana ukuta. Yeye apewe huyu mwenye kichwa cha jiwe. Mnyonge nikampa mwenye nguvu. Niliona akili yangu imekamilika.

Nilimpeleka mwenyewe. Apolonia alimpokea kwa mikono miwili, akamfunga kwenye kanga mgongoni kama mtoto, akampa jina papo hapo: Mtakoma. Ujumbe ulikuwa kwa wezi. Nami nikatoa mashauri kama mtu anayesoma hati. Jenga ua, nikamwambia, kwani pale kwake palikuwa wazi kama kwa watu wote. Weka lango. Asilishwe na kila mpita njia. Asichezewe na watu. "Akizoea watu, bibi, hatakuwa na kazi."

Sasa nyie mtaniuliza, kwani shuleni hukufundishwa? Nilifundishwa. Nilikuwa najua vizuri kwamba mtoto wa mbwa, mpaka kwenye mwezi wa tatu au wa nne, anatakiwa aone watu wa kila aina, wanene, wembamba, wenye kofia, wenye fimbo, watoto wanaopiga kelele, padri na kanzu yake. Asipowaona wakati huo, ukubwani kila asiyemjua ni mwizi. Nilijua na nikasema kinyume, kwa sababu nilikuwa naliona zizi tupu na moyo uliniuma. Huruma inaweza kukufanya mjinga kuliko uvivu.

Kitu nisichokitazama ni njia ya kwa Apolonia. Ilikuwa njia pana, imekanyagwa mpaka ardhi inang'aa. Wa kwanza kuikanyaga kila siku alikuwa jirani yake, mzee Nestori, naye amefiwa na mkewe. Kila asubuhi Nestori alikuja na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kuomba moto. Apolonia anamchotea makaa mawili matatu kutoka jikoni, Nestori anaondoka anapuliza. Kibiriti kinauzwa kila duka, mtaniambia. Hata yeye alijua. Lakini huwezi kwenda kwa jirani asubuhi na mikono mitupu ukasema nimekuja kuona kama umeamka hai, ni kama kumtabiria kifo. Unaomba moto. Ukiomba moto unapata salamu, unapata habari za mgongo, unajua nani kaumwa. Nyuma ya Nestori walipita akina mama wa kwenda shamba, na siku za pombe ua ulijaa.

Basi mbwa akaleta ua, ua ukaleta lango, lango likaleta komeo. Mtakoma akakua. Nilipofika baada ya mwaka kumchanja nilimkuta kanenepa, ngozi inang'aa, kifua kama cha fahali. Dona na dagaa wa ziwani, Apolonia alimlisha kama nilivyoelekeza, mifupa ya kuku hampi. Ilibidi amshike yeye ndipo nimdunge, na yule mbwa alinitazama kwa namna ya kuniandika kwenye daftari lake. Nikaangalia uani. Pasafi, pamenyamaza. Kwenye njia, mbele ya lango, majani yalikuwa yameota.

Niliyaona yale majani. Nataka mjue hilo. Niliyaona kwa macho yangu na nikasema, "Bibi, kwako sasa pametulia."

"Pametulia mno," akajibu.

Nikacheka, nikawasha pikipiki.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba pombe alikuwa anaibeba kwenda kuiuzia kwa shemeji yake, kwa sababu wanywaji hawakutaka kunywa wakitazamwa na Mtakoma. Akina mama walihamia njia ya bondeni. Nestori alijaribu wiki nzima: anasimama nje ya lango anaita, mbwa anabweka, Apolonia anatoka kumfunga, moto unachotwa, moto unapoa. Mwisho akaona anamsumbua mwenzake. Akanunua kibiriti.

Ilikuwa mwezi wa saba, ule wa baridi yetu inayopenya mpaka kwenye meno. Saa nane kasoro mchana simu yangu ililia. Mwenyekiti wa kitongoji.

"Bwana mifugo, njoo na dawa ya kulaza mbwa. Bibi Apolonia kaanguka yuko jikoni, na mbwa hataki mtu aingie."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri, tunavyofikiri. Mwenzetu mmoja karuka ua, kaumwa."

Dawa ya kulaza mnyama sikuwa nayo. Chupa iliyokuwa kabatini iliisha kwa ng'ombe wa watu wa Matai na nyingine haikuwa imefika. Nikaondoka hivyo hivyo, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu ndani ya helmeti.

Nilikuta watu kama thelathini wamesimama nje ya ule ua niliouagiza mimi. Kitu cha kwanza nilimtafuta aliyeumwa, nikaamuru aoshwe mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, bila kumhurumia, kisha apelekwe zahanati akaanze sindano. Hilo msije mkalisahau hata kama mbwa ana kadi. Ndipo nikamwona Nestori. Alikuwa ameshika mti wa ua kwa mikono miwili.

"Sikuona moshi," akaniambia. "Asubuhi huwa natazama moshi wake. Leo sikuuona. Nikasema labda kachelewa, labda kaenda misa. Nimekaa nasema labda mpaka saa sita. Zamani nisingesema labda. Zamani ningekuwa nimeshaingia."

Apolonia alikuwa ameteleza kwenye kizingiti cha jiko amebeba ungo wa kimea. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Alipiga kelele asubuhi yote, lakini kila alipopiga kelele Mtakoma alibweka, na watu walishazoea kubweka kwa Mtakoma. Sasa mbwa alikuwa kasimama mlangoni mwa jiko, ameziba mlango wote, manyoya ya shingo yamesimama. Ndani, kwenye giza, uliona unyayo mmoja wa bibi.

Mgambo alikuwa amekuja na bunduki. Aliilenga mara mbili akaishusha mara mbili. Nyuma ya mbwa kulikuwa na mama wa watu, na ukuta wa jiko ni wa udongo. Vijana wakasema warushe mikuki. Mbwa yule alikuwa anafanya kila kitu nilichomchagulia akifanye, na alikuwa anakifanya vizuri sana.

Nikausogelea ua, nikapaza sauti. "Shikamoo bibi! Ni bwana mifugo!"

Kisha sauti kama inatoka kisimani: "Marahaba. Msimpige."

"Hatumpigi. Bibi, unaweza kumwita?"

"Ameniumiza nini huyu? Msimpige."

"Mwite aje kwako, bibi. Mshike ukosi, mfunge kwenye nguzo ya jiko. Kwa kanga, kwa chochote. Sisi hatuna namna nyingine."

Nestori, pembeni yangu, akaanza kumsemesha kwa Kifipa, taratibu, maneno ya kawaida tu, kama vile amekuja na kigae chake asubuhi: habari za kuamka, baridi imezidi, mahindi yameanikwa. Mbwa akabweka, Nestori akaendelea. Tukaona ule unyayo unasogea. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, nyonga imevunjika, alikuwa anajikokota kwenye sakafu ya udongo kumfuata mlinzi wake. Kila alipojivuta alitoa sauti ambayo mimi bado naisikia nikiwa naosha vyombo. Mara tukaona mkono wake unashika ukosi. Mtakoma akageuka, akamlamba uso.

Alimfunga kwa kanga yake ya kiunoni, mafundo matatu. Kisha akasema, na hakupaza sauti, "Ingieni. Nimemshika."

Walivunja lango. Walimtoa juu ya kitanda cha kamba, mpaka barabarani, mpaka hospitali. Mimi nilibaki nyuma na yule mbwa. Alivuta kanga mpaka sauti yake ikakauka, kisha akalala chini akaanza kulia. Nikalia naye, mbali kidogo, maana mimi na yeye hatukuwa marafiki.

Kijiji kilitaka auawe. Nikawaambia kwa taratibu ya kazi lazima aangaliwe siku kumi kwa sababu ameuma mtu, na chanjo zake ziko sawa. Hiyo ilikuwa kweli. Ukweli mwingine niliusema mbele ya mwenyekiti: kosa si la mbwa, aliyekosea amesimama mbele yenu na kofia ya helmeti mkononi. Hakuna aliyenipinga, na hilo liliniuma pia.

Siku kumi zilipoisha nilikwenda kwa Mzee Salimu. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Bwana mifugo, karibu. Nilikuwa nakutafuta. Hili jemani lako ni karimu kuliko mimi. Jana limewasindikiza watu walioninyonyea dizeli mpaka getini, mkia unapepea!"

Yule mwoga wa funguo alikuwa amekulia katikati ya madereva, makuli, mama lishe na mafundi wa matairi. Tangu yuko mdogo alipanda na kushuka nao kwenye malori mpaka wakamwita Konda. Alibweka mara mbili kwa kila anayeingia, kisha alimtazama mlinzi. Mlinzi akisema sawa, naye anasema sawa. Siku ile ya dizeli mlinzi alikuwa amesinzia, na Konda hakupata wa kumwuliza. Mzee Salimu alitaka mbwa ambaye haulizi. Na yadi ile, ukuta pande zote na saa za kazi zikiisha hakuna mwenye haki ya kuingia, ndiyo nyumba pekee niliyoijua ambayo Mtakoma angekuwa na haki siku zote.

Mkitaka elimu ya jemani na rotwaila, ndiyo hiyo, sina nyingine. Nilikuwa na mbwa wawili wazuri na nyumba mbili za heshima, nikawapishanisha. Na wala msiende kusema rotwaila ni mkali na jemani ni mpole, nitawakana hadharani. Nusu ya mbwa ni kabila lake. Nusu nyingine ni njia ya nyumba aliyokulia. Kumhamisha Mtakoma kulimchukua mlinzi wa yadi mwezi mzima wa kumlisha kwa subira, na wiki ya kwanza hakula.

Apolonia alirudi kwake mahindi ya msimu uliofuata yakiwa ya magotini, anatembea na gongo. Nilimsubiri siku chache, kisha nikaenda na Konda kwenye boksi la nyuma ya pikipiki, kichwa nje, anasalimia barabara nzima. Lango halikuwepo. Apolonia alikuwa ameagiza lipasuliwe kuni, na ndizo zilizokuwa zinachemsha pombe.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Aliniacha nikayasema yote, yeye anachagua mawe kwenye ulezi. Nilipomaliza akauliza, "Mtakoma anakula?"

"Anakula, bibi."

"Anapata mahali pakavu pa kulala?"

"Anapata."

Kisha akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, wezi walikuja kwangu mara moja. Nestori alikuwa anakuja kila asubuhi. Wewe ukanichagulia mbwa wa wezi."

Konda alikuwa ameshashuka, ananusa ungo. Apolonia akamwangalia muda mrefu na nikaona hampendi bado, anamlinganisha. Sikumlaumu. Mbwa aliyekulinda vibaya bado ni mbwa aliyekulinda.

Nikalala kijijini siku ile, kwa shemeji yake, na alfajiri nikarudi uani kwa Apolonia nimwone Konda. Jua halijapasha ardhi, Nestori akaja na kigae chake. Konda akabweka mara mbili, akageuka kumtazama Apolonia. Apolonia alikuwa jikoni, ameegemea nguzo ile ile. Alichelewa kidogo kujibu.

"Mwache," akasema. "Huyo ni wa kwetu."

Nestori akapita. Akachotewa makaa matatu, wakaulizana migongo, wakalaani mvua, na sasa kuna nyonga ya kuuliziwa pia. Wakati wa kutoka alisimama mbele yangu, akatia mkono mfukoni, akanipa kibiriti. Kilikuwa kimebakiwa na njiti nyingi.

"Chukua, bwana mifugo," akasema. "Mimi sina kazi nacho tena."

Ninacho hapa mezani ninapoandika. Sijawahi kukiwasha. Kwa hiyo mkija na picha zenu mkanikuta nakitazama kibiriti bila kuwajibu, msidhani uzee umenipanda kichwani. Nasubiri mnijibu kwanza, kwenu ni nani anayekuja asubuhi kuomba moto?